Mrija usiotulia: niliyojifunza kwa kuishi na katheta ya muda mrefu

Mrija wangu wa kwanza wa mshipani, yaani katheta, ulitoka sentimita nne bila mtu yeyote kuuvuta. Haukunaswa na kitasa cha mlango, sikuulalia, hakuna mtoto aliyeushika. Ulijisogeza wenyewe kidogo kidogo kila nilipokunja kiwiko, kila nilipochana nywele, kila nilipojigeuza kitandani. Plasta ilikuwa juu yake muda wote, na mtu wa kupita angeiona safi kabisa. Muuguzi aliyekuja kuibadilisha ndiye aliyesita. Alipima sehemu iliyo nje ya ngozi, akaangalia namba iliyoandikwa kwenye faili siku mrija ulipowekwa, akapima tena. Kisha akafunga kibanio, akaniambia, "Humu hakipiti kitu mpaka upigwe picha."

Mimi hula kwa mshipa. Sehemu kubwa ya utumbo wangu mwembamba iliondolewa kwa upasuaji, na kipande kilichobaki hakiwezi kufyonza maji na virutubisho vya kunitosha. Jioni naunganisha mfuko wenye sukari, asidi amino, mafuta, chumvi na vitamini kwenye mrija, pampu inausukuma taratibu usiku kucha, na asubuhi najifungua. Mchanganyiko huo ni mkali, umekolea kuliko damu mara kadhaa. Ukiingia kwenye mshipa mdogo wa mkononi, unauunguza. Ndiyo maana katheta ya namna hii, hata ikiingilia mkononi, hupitishwa mpaka ncha yake ifike sehemu ya chini ya mshipa mkuu wa juu, jirani kabisa na moyo, ambako damu hupita karibu lita 2 kila dakika na kuuzimua mchanganyiko kabla haujakaa kwenye ukuta wa mshipa. Sentimita nne zilizoongezeka nje ya ngozi zimepungua huko ndani. Picha ilionyesha ncha imerudi nyuma ya mtulinga.

Hawakuisukuma irudi. Kipande kilichokwisha kukaa nje kimegusa ngozi na hewa, kina vijidudu vyake, na kukiingiza ndani ni kuvipeleka moja kwa moja kwenye damu. Mrija ule uliondolewa, nikawekewa mwingine mkono wa pili, na mshipa mmoja ukawa umetumika. Kwa mtu atakayeishi na mirija miaka mingi, mishipa ni akiba isiyoongezeka. Kila mrija unaopotea kabla ya wakati wake huacha kovu ndani ya mshipa, na makovu yakizidi, siku moja daktari hukosa pa kupitia.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kutazama mwendo. Wengi, wakiwamo baadhi ya wahudumu, huona kwamba kuushikilia mrija ni kuzuia usichomoke. Kuchomoka ni ajali inayoonekana, mtu ataikimbilia. Madhara mengi huanza mapema zaidi, katika kule kucheza kwa mrija, kuingia na kutoka milimita chache kwenye tundu lake mara mia kwa siku. Msumari unaotikiswa ubaoni hupanua tundu lake hata kama haung'oki, na mrija huifanyia ngozi vivyo hivyo. Kila unaporudi ndani unabeba bakteria wa juu ya ngozi, hasa Staphylococcus epidermidis, ambaye yuko kwenye ngozi ya kila mtu na hana neno mpaka apate kitu kigeni cha kujishikiza. Huko ndani nako ncha inayohangaika hukwaruza utando wa mshipa, na palipokwaruzwa damu huganda. Bakteria akikuta damu iliyoganda kwenye plastiki amepata makazi. Maambukizi, kuganda kwa damu na mrija kuhama hufundishwa kama matatizo matatu tofauti, kila moja na ukurasa wake. Kwa niliyoyaona, mengi huanzia mahali pamoja: mrija usiotulia.

Nimepitia karibu kila njia ya kuutuliza, kwa hiyo nitasema ninavyoziona.

Nyuzi za kushonea ndizo za zamani zaidi. Hushika vizuri siku za mwanzo. Lakini kila tundu la uzi ni jeraha jingine dogo pembeni ya jeraha la mrija, na baada ya wiki chache uzi huanza kuikata ngozi, panakuwa pekundu, panawasha, na usafi wa pale unakuwa mgumu kwa sababu mafundo yanazuia pamba. Isitoshe, kushona humweka mhudumu katika hatari ya kujichoma sindano yenye damu ya mgonjwa.

Kishikio cha gundi ni kipande cha plastiki kilichobandikwa kwenye ngozi, chenye nafasi ya kukalia mabawa ya mrija. Hakitoboi, na hubadilishwa kila wiki pamoja na plasta. Kwenye ngozi kavu kinafanya kazi nzuri. Udhaifu wake ni jasho, na ndicho kilichokuwa kwenye mrija wangu wa kwanza, kimeachia upande mmoja. Udhaifu mwingine haujulikani sana: kila wiki, kwa dakika chache za kubadilisha, mrija haushikiliwi na kitu chochote isipokuwa vidole vya mtu. Nyumbani kwangu kazi hiyo hufanywa na watu wawili, mmoja anashika, mwingine anasafisha, na aliyeshika haongei na simu.

Kuna nanga ndogo ya chuma chepesi ambayo hupita kwenye tundu lilelile la mrija, kisha miguu yake miwili hufunguka chini ya ngozi. Hukaa muda wote wa maisha ya mrija, haibadilishwi kila wiki, na inakuruhusu kusafisha pande zote bila hofu. Niliisikia ikinichoma siku za mwanzo na siku ya kutolewa. Kwa katheta ya mkononi inayotarajiwa kukaa miezi, mimi ningeichagua kabla ya kishikio cha gundi. Pia siku hizi hutumika gundi ya tishu, tone moja au mawili pale mrija unapotokea. Huziba tundu, huzuia damu kuvuja siku ya kwanza, na hivyo plasta ya kwanza haihitaji kufunguliwa kesho yake kwa sababu imelowa damu. Haidumu, kwa kuwa ngozi hujibambua, na huwekwa upya plasta inapobadilishwa.

Kilichonifaa mimi mwishowe ni mrija unaopitishwa chini ya ngozi ya kifua kabla ya kuingia kwenye mshipa. Asili yake iko Seattle, Marekani. Mwaka 1973 John Broviac na wenzake walieleza katheta ya silikoni kwa ajili ya watu wanaolishwa kwa mshipa muda mrefu, yaani watu kama mimi, na mwaka 1979 Robert Hickman na wenzake wakaeleza ile yenye njia pana zaidi kwa wagonjwa wa kupandikizwa uboho. Sehemu inayokaa chini ya ngozi imezungushiwa kikuku cha kitambaa cha Dakroni. Mwili huota ndani ya nyuzi za kitambaa hicho, na baada ya wiki tatu au nne kikuku kinakuwa kimeshikamana na nyama. Hapo ndipo mrija unashikiliwa na mwili wenyewe, na bakteria wa ngozini wanakuta ukuta njiani.

Lakini wiki hizo za mwanzo ni za hatari kuliko watu wanavyodhani. Mgonjwa anaona mrija wa kudumu, anarudi kwenye shughuli zake, na nyuzi za muda zikikatwa mapema mrija unateleza kabla kikuku hakijashika. Daktari wangu alikataa kuondoa nyuzi mpaka alipopapasa kikuku na kuhisi hakisogei. Nilimshukuru baadaye. Na nikiona kikuku kinachungulia kwenye tundu, siku yoyote ile, hata kama mrija unafanya kazi vizuri, hiyo ni taarifa ya kupeleka hospitali siku hiyohiyo.

Hata kikuku kikiota, kitanzi hakiachwi. Hili ndilo ningetaka kila mwenye mrija alijue kabla ya yote. Uzito wa mrija, viunganishi vyake na mpira wa pampu haupaswi kuning'inia kwenye tundu. Mrija ukitoka kwenye ngozi, uzungushe mara moja, kitanzi kipana kisichokunjamana, kisha uushikilie tena kwa plasta mahali pa pili, mbali kidogo na plasta kuu. Kitu kikivuta, kitanzi hunyooka kwanza, plasta ya pili hubanduka, nawe unahisi na kuacha kabla tundu halijaguswa. Usiku mpira wa pampu naupitisha ndani ya fulana na kuutolea chini kiunoni, na kuubandika kwenye kitambaa cha fulana, si kwenye ngozi. Pampu hukaa upande uleule wa kitanda ambao mrija upo. Ukiuvusha mpira juu ya mwili kwenda upande wa pili, kila ukigeuka unauvuta. Mchana mrija unalala kwenye mfuko mdogo wa kitambaa laini shingoni, ndani ya nguo. Mkanda wa begi unapita bega la upande mwingine. Mkanda wa gari nauwekea kitambaa kilichokunjwa kati yake na mrija. Ninaponyanyua mtoto mdogo, ninamweka upande usio na mrija, maana mkono wa mtoto hukimbilia chochote kinachoning'inia.

Sasa ngozi. Ngozi ndiyo inayobeba kazi yote ya kushikilia, na ndiyo inayosahaulika. Plasta angavu hubadilishwa kila baada ya siku 7, ya gozi, yaani kitambaa chepesi cha pamba, kila baada ya siku 2, na yoyote kati yake hubadilishwa mara moja ikilowa, ikichafuka au ikiinuka ukingo, hata kama imewekwa leo asubuhi. Mtu akifanya hivyo kwa miaka, mahali pale pale, gundi inaanza kuondoka na ngozi. Kwanza panang'aa, kisha panawasha, kisha malengelenge, kisha kidonda kibichi ambacho plasta haikishiki. Hapo mrija unabaki bila kinga, na kile kilichokusudiwa kulinda ndicho kilichofungua mlango. Nimewaona watu waliopoteza mirija kwa njia hiyo bila bakteria hata mmoja kuwa chanzo.

Mambo yaliyoiokoa ngozi yangu ni madogo na yanataka subira. Kubandua: unaanza upande wa mbali, unaelekea kule tundu lilipo ili usiuvute mrija utoke, unabandua chini chini sambamba na ngozi huku kidole cha mkono mwingine kikiikandamiza ngozi nyuma ya gundi. Plasta angavu, ukiishika ukingo na kuinyoosha kwa ubavu, huachia yenyewe. Ukiivuta kwenda juu inabeba ngozi. Kwa siku mbaya kuna dawa ya silikoni ya kuyeyushia gundi. Kubandika: plasta hailazwi ikiwa imevutwa. Ukiinyoosha ili isiwe na mikunjo, itajaribu kurudi kwenye umbo lake muda wote, na malengelenge hutokea kwenye kingo zake.

Na kukauka. Dawa ya kusafishia inayopendekezwa ni klorheksidini asilimia 2 ndani ya spiriti asilimia 70. Unasugua kwa kwenda na kurudi sekunde 30, kisha unaacha ikauke yenyewe. Hupulizi, hupepei kwa karatasi. Kukauka kwenyewe ni sehemu ya kuua vijidudu, na dawa iliyonaswa mbichi chini ya plasta huunguza ngozi polepole wiki nzima, halafu mtu anaambiwa ana mzio wa plasta. Nimepata kulazwa katika wadi iliyojaa watu, na muuguzi mwenye wagonjwa wengi kuliko mikono yake akataka kubandika mara baada ya kupaka. Nilimwambia, "Sista, naomba tusubiri ikauke, ngozi yangu imeshaungua hapa." Alisimama akasubiri. Si kila mara inakuwa rahisi hivyo, lakini ukitaja sababu badala ya kulalamika, wengi husikiliza. Wenye mzio wa kweli wa klorheksidini wapo pia, na kwao hutumika dawa ya ayodini, ambayo huchukua muda mrefu zaidi kukauka.

Juu ya ngozi iliyokauka napaka utando wa kinga, nao ukauke, ndipo plasta. Pale mrija unapotokea nina kijiduara cha sifongo chenye klorheksidini, kilichochanwa upande mmoja ili kiukumbatie mrija. Kinapaswa kulala sawa kwenye ngozi. Kikikaa juu ya mrija hakifanyi kazi.

Tundu la ngozi, hata hivyo, ni mlango mmoja tu. Kwa mrija uliokaa miezi, bakteria wengi huingilia mlango wa pili, yaani kiunganishi cha mwisho ambako mfuko na mabomba ya sindano hufungwa. Usiku mmoja, muda mfupi baada ya pampu kuanza, nilishikwa na baridi ya kutetemesha meno nikiwa nimejifunika blanketi. Tundu lilikuwa kavu, halina uwekundu, halina usaha. Nilisimamisha pampu, nikapima joto, likawa limepita nyuzi 38, tukaenda hospitali usiku ule. Baridi inayoanza dakika chache au ndani ya saa moja baada ya kitu kusukumwa kwenye mrija inamaanisha mrija wenyewe ni mshukiwa wa kwanza, kwa sababu maji yanasukuma bakteria waliojificha kwenye utando wao ndani ya plastiki na kuwamwaga kwenye damu. Haisubiri kesho.

Hospitali walichukua damu sehemu mbili, kwenye mrija na kwenye mshipa wa mkono, kwa wakati mmoja na kwa kiasi sawa. Nilieleweshwa kwamba chupa ya mrija ikianza kuotesha bakteria angalau saa 2 kabla ya chupa ya mkono, chanzo ni mrija. Kilichoota kilikuwa kile kijidudu cha kawaida cha ngozi, na mrija uliweza kuokolewa kwa dawa za kuua bakteria zilizolazwa ndani yake pamoja na zile za kwenye damu. Ingekuwa Staphylococcus aureus, bakteria mkali zaidi, au fangasi wa Candida, wangeuondoa bila kujadiliana.

Baada ya tukio lile niliongezewa taurolidini, dawa inayojazwa kwenye mrija na kuachwa humo mchana wakati hautumiki. Miongozo ya Ulaya ya watu wanaolishwa kwa mshipa nyumbani huipendekeza, na kwangu imebadilisha maisha. Lakini dawa hiyo haichukui nafasi ya kusugua kiunganishi. Spiriti asilimia 70, kusugua kwa nguvu juu na pembeni sekunde 15, kuacha kikauke, na ndipo kuunganisha. Kila mara. Ukitoa bomba moja kuweka jingine, unasugua tena. Nimeshuhudia kiunganishi kikiguswa na pamba kwa sekunde moja kama salamu, na moyo wangu hushtuka.

Mwaka 2006 Peter Pronovost na wenzake walichapisha matokeo ya jimbo la Michigan, katika wadi zaidi ya 100 za wagonjwa mahututi. Waliwataka wahudumu wafanye mambo matano wanapoweka mrija: wanawe mikono, wajifunike na kumfunika mgonjwa kikamilifu, wasafishe ngozi kwa klorheksidini, waepuke mshipa wa kinena, na waondoe mirija isiyohitajika tena. Kiwango cha kati cha maambukizi ya damu kilishuka kutoka maambukizi 2.7 kwa kila siku 1,000 ambazo wagonjwa walikaa na mrija hadi 0 ndani ya miezi mitatu. Hakukuwa na mashine mpya wala dawa mpya. Huwa narudia habari hii kwa ndugu wanaojifunza kumhudumia mgonjwa nyumbani, kwa sababu wengi huogopa kwamba hawana vifaa vya kutosha, na mikono iliyonawiwa vizuri wanayo.

Kuhusu kusukuma maji ya chumvi, tumia bomba la mililita 10 au lenye upana huo. Bomba jembamba, kwa nguvu ileile ya kidole gumba, hutoa mgandamizo mkubwa zaidi na linaweza kupasua mrija ulioziba. Sukuma kidogo, simama, sukuma, simama. Msukosuko huo huosha kuta kuliko mkondo mmoja ulionyooka. Baada ya chakula chenye mafuta au baada ya damu, mililita 20. Mwishoni kibanio kifungwe kulingana na aina ya kiunganishi: vingine hufungwa kabla ya kutoa bomba, vingine baada, na ukigeuza utaratibu damu inavutwa kurudi kwenye ncha na kuganda. Aina yako waulize waliokupa, na jibu liandikwe.

Mrija unaopitisha maji lakini hautoi damu haupaswi kuzoeleka. Mara nyingi kuna utando wa damu iliyoganda unaofunga ncha kama vali, au ncha imeegemea ukuta. Mimi hunyanyua mkono, hukohoa, hugeuka ubavu. Ikishindikana, hospitali wana dawa ya kuyeyusha, alteplasi, miligramu 2, inayolazwa ndani na kuangaliwa baada ya dakika 30, kisha 120. Madini ya kwenye mchanganyiko yakigandana, au mafuta yakijenga ukuta, dawa ni nyingine kabisa, kwa hiyo mweleze daktari ulipitisha nini mara ya mwisho. Kulazimisha kwa nguvu hakujawahi kuwa tiba.

Mkono au shingo ikivimba upande wa mrija, mishipa ya kifuani ikijitokeza, au ukisikia mlio wa maji sikioni unaposukuma, acha kutumia na nenda ukaangaliwe. Mlio huo unaweza kumaanisha ncha imepanda kwenye mshipa wa shingo.

Mkasi haukaribii mrija nyumbani kwangu, hata wa kukatia plasta. Mrija ukikatika, ubanwe mara moja kati ya palipokatika na mwili, kwa kibanio, kwa kuukunja na kuushika, kwa chochote. Hewa ikivutwa ndani mtu hushindwa kupumua ghafla. Alazwe ubavu wa kushoto, kichwa chini, na msaada uitwe. Mrija uliochomoka wote, lala, kandamiza tundu na kulifunika kwa kitu kisichopitisha hewa. Mirija ya kifuani iliyopasuka nje mara nyingi hutengenezeka kwa seti maalumu ya ukarabati, kwa hiyo usikubali haraka kuondolewa kabla hujauliza.

Kuoga kulinichukua muda kukubali. Plasta angavu huzuia matone, haizuii kuzama, na mimi siogelei tena mtoni wala bwawani. Nilikuwa nikipenda sana maji. Naoga nikiwa nimefunika kifua kwa kifuniko cha plastiki kisichopitisha maji, kiunganishi kikiwa kimefungwa ndani ya mfuko wake, na plasta naikagua kabla sijavaa.

Nikilazwa kwa ugonjwa mwingine, ninaomba kwa upole lakini bila kurudi nyuma: mrija wa chakula ni wa chakula. Damu ya vipimo ichotwe mkononi ikiwezekana, kwa mwenye katheta ya mkononi shinikizo la damu lisipimwe kwenye mkono huo, na dawa nyingine zipate kanula yake, yaani mrija mfupi wa muda. Mrija wangu una njia moja tu. Niliwahi kupendekezewa wa njia mbili ili kurahisisha kazi ya wadi, nikauliza njia ya pili itatumika kwa nini nitakapokuwa nyumbani. Njia isiyotumika ni mlango wa ziada unaohitaji kusafishwa kila siku. Daktari alikubali.

Nyuma ya mlango kuna begi dogo: vibanio viwili, plasta angavu, gozi, pamba za spiriti, mabomba ya maji ya chumvi, kipimajoto, na karatasi yenye aina ya mrija, tarehe ya kuwekwa, namba ya daktari na dawa zinazonidhuru. Nalikagua kila mwezi, kwa kuwa vifaa vilivyotakaswa vina tarehe ya mwisho, na pakiti iliyochanika kona hutupwa hata kama tarehe yake bado.